Maji ya Kifuani mwa Bwana Tangi

Mimi nikiogopa huropoka. Daktari alipomchoma baba sindano mgongoni, katikati ya mbavu, nami nimemshika mabega asitikisike, nilisema, "Mzee, leo unafunguliwa bomba." Hakucheka mtu. Baba alikuwa ameinamia meza ndogo, anahema kama aliyefukuzwa na mbwa, na macho yangu yote yalikuwa kwenye mpira ulioshuka hadi kwenye chupa. Nilikuwa nangoja rangi.

Baba mdogo naye aliwahi kutolewa maji kifuani. Yalitoka mekundu. Saratani, wakasema, na kabla hatujalizoea hilo neno tukawa tumeshamzika.

Ya baba yalitoka ya manjano, maangavu. Nilishusha pumzi kwa nguvu hadi daktari, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, akanitazama.

"Usishangilie bado," akasema. "Rangi peke yake haitoshi. Haya yanakwenda maabara."

Majibu yalipotoka, alivuta kiti akaketi karibu na kitanda. Daktari akiketi, ujue kuna jambo.

"Maji kujaa kuzunguka pafu ni dalili tu," alimwambia baba. "Kazi yangu ni kujua yanatoka wapi. Moyo ukichoka kusukuma damu, maji hujaa. TB huyaleta, saratani pia. Ya moyo kwa kawaida huwa mepesi, hayo mengine huwa mazito. Yako, baba, yako katikati."

"Katikati ndiyo nini?" nikadakia.

"Ndiyo kwamba nahitaji ukweli. Baba, tunajua moyo wako una shida tangu mwaka jana. Ulipewa kidonge cha kutoa maji mwilini, kila asubuhi. Unakimeza?"

"Kila asubuhi."

"Huruki hata siku moja?"

"Siruki."

Daktari akakunja uso. "Basi kama unakimeza na bado umejaa hivi, siwezi kuusingizia moyo. Kesho watakufungua hapa ubavuni, wakate kipande cha utando unaofunika pafu, tukapime saratani."

"Wakate," baba akasema.

Alisema upesi mno. Baba yangu huyu huyu, ambaye kung'olewa jino tu alibembelezwa na ukoo mzima! Nilimwona baba mdogo palepale, mifupa mitupu chini ya shuka. Lakini kile "wakate" kilinikera kama mchanga kwenye wali.

Baba ni mwendesha kreni. Hukaa peke yake kibandani, juu kuliko jengo tunalojenga, na mimi niko chini yake, nafunga mizigo na kumwelekeza kwa ishara za mikono. Kazini wanamwita Bwana Tangi, kwa kuwa akishapanda asubuhi hashuki kujisaidia mpaka saa ya chakula. Akishuka yeye, kazi yote inasimama na msimamizi anafoka. Wenzake hupanda na chupa. Yeye husema kibanda si choo. Jina hilo analipenda, na mimi mwanawe nalitangaza.

"Daktari," nikasema, "mtu akimeza hicho kidonge asubuhi, anakwenda haja ndogo mara ngapi?"

"Mara nyingi. Saa za mwanzo hatulii kabisa."

Nikamgeukia baba. Akageukia ukuta.

"Mzee!" Sauti ilinitoka hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka. "Upasuliwe ubavu kwa kuogopa choo?"

Akauambia ukuta, "Siku za kazi sikimezi."

"Na siku za kazi ni zipi?" daktari akauliza.

"Zote, ila Jumapili."

Daktari hakugomba, na hilo lilinitisha zaidi. "Kisu kitasubiri. Dawa inaanza leo, mbele ya nesi. Maji yakipungua, ni moyo. Yasipopungua, tunarudi kwenye saratani. Lakini kreni, baba, basi."

"Hilo ndilo nililokuwa nakimbia," baba akasema.

Alipoondoka daktari nilimshukia. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Si wewe uliyenifundisha?"

"Keti, mwanangu."

"Siketi."

"Keti. Jumatatu zile nondo zilipokwama hewani, unakumbuka?"

Nilikumbuka. Mzigo ulining'inia juu yangu, nikapiga kelele, "Bwana Tangi, umelala?" Wenzangu wakacheka. Aliposhuka alisema ni upepo.

"Hapakuwa na upepo. Pumzi ilikata, nikazimika. Nilipofumbua macho, kifua changu kilikuwa kimelalia mkono wa kushushia mzigo, na nondo zinashuka; niliuvuta, ndipo zikasimama. Wewe uko chini yake, umeniinulia uso, unacheka."

Niliketi. Nilifikiri amemaliza. Kisha nikahesabu siku, kwa kuwa nilimleta hospitali Jumatano, aliposhindwa kupanda ngazi.

"Jumanne je, baba?"

Akaivuta shuka hadi kifuani.

"Jumanne ulipanda?"

"Nilipanda."

"Nikiwa chini?"

"Ukiwa chini." Akafumba macho. "Nilijiambia haitarudi."

Nilikuwa nimekuja nikiogopa kumpoteza. Sasa nilimwogopa yeye mwenyewe, mzee huyu mwenye mikono baridi aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, na sikujua hofu hiyo niiweke wapi.

Nesi akaleta kidonge na maji. Baba akakitia mdomoni, akanywa. Nesi akaenda zake. Mimi sikusogea.

"Fungua mdomo," nikamwambia.

Akafungua, na nikainama kuchungulia hadi chini ya ulimi.