Firigisi ya Bwana Mifugo

Limi alikuwa bandani anakoroga dawa ya unga wa njano kwenye maji ya kuku, mumewe Mihayo akapita tena mbio kwenda chooni, suruali mkononi. Mihayo alikuwa mpakiaji wa pamba, mtu wa kunyanyua robota huku akiwacheka wenzake, na sasa tumbo lilikuwa linamwendesha. Alisema kama safari hizi zingekuwa za Mwanza, angeshafika zamani.

Limi alicheka, lakini aliogopa. Vidonge vya rangi mbili vilimponya yeye tumbo kama hilo mwezi uliopita. Mumewe alikuwa amevimaliza bila nafuu. Akamshika mkono, wakajikongoja hadi hospitali.

Daktari Eufrasia, binti mpole, aliuliza wanakula nini. Ugali na mlenda, wote wawili. Na kuku? Limi alisema yeye hali. Kwao wanawake walilelewa hivyo tangu zamani. Firigisi ni ya baba, na huyu baba huipenda ikiwa imebabuliwa tu kwenye makaa, damu bado inachuruzika. Akaongeza kwa fahari kwamba kuku wake hawaugui, kila siku wanakunywa unga wa njano.

Daktari akaweka kalamu chini.

"Mama, huo unga na vidonge vya baba ni ndugu. Vijidudu vya kuku wako vimeshauzoea. Vina kitu kidogo sana, kama kipete, ndicho kinachoishinda dawa. Kijidudu kimoja hukitoa nakala kikampa mwenzake, kama majirani wanavyopeana chumvi. Siwezi kuapa, lakini nadhani baba alivila na firigisi."

Dawa nyingine haikuwapo. Stoo iliingoja tangu masika. Akaagiza maji yaliyochemshwa yenye sukari na chumvi, nyama iive sawasawa, na kuku wasinyweshwe tena unga bila sababu.

Limi akaguna. Pumba ziliuzwa ofisi ya mifugo tu, na Kalisti, bwana mifugo, hakutoa gunia bila pakiti ya unga huo wa njano juu yake. Miaka ile ndivyo ilivyokuwa: ukitaka sukari unabebeshwa pia jembe usilolihitaji. Sukari ya maji ya Mihayo ilitoka kwa jirani yao Mwasiti, aliyeahirisha vitumbua vyake vya kesho, Mungu ambariki.

Jioni Mihayo alikuwa ameketi mkekani, macho yamerudi mahali pake, Kalisti akabisha hodi. Kila wiki alifuata mtetea mmoja, wa ukaguzi, ambaye hakuwahi kurudi.

Limi akamkamatia aliyenona kuliko wote, kisha akamsimulia aliyoyasema daktari, neno kwa neno. Mihayo akatoa ushahidi kwa kuinuka ghafla na kutimka.

Kalisti alimtazama mtetea, akamtua chini taratibu. Akauliza kwa sauti ya chini kama hakuna mmoja ambaye hajanywa unga.

"Yupo, bwana mifugo," alisema Limi. "Yumo kwenye gunia la pumba lisilo na pakiti. Lilete tumlee."

Kalisti aliondoka mikono mitupu.

Wiki iliyofuata, ofisini, pakiti zilikuwa palepale juu ya magunia, na Kalisti alikuwa mezani anakula ugali kwa dagaa. Limi alilipia vyote viwili, kama sheria ilivyotaka. Akajitwika gunia lake, na pakiti akamwachia pembeni ya sahani.