Karani wa Mama Mseti

Stanislausi Wambura alimwonea mbwa wivu. Hakuna haja ya kulizungusha jambo hili, maana Butiama yote ililijua, na waliolicheka zaidi ni wale ambao wake zao hawakufuga chochote.

Mbwa mwenyewe alitoka upande wa Bunda. Kulikuwa na ranchi ya shirika huko, ikafungwa mwaka ule sabuni ilipoanza kuonekana tena madukani. Wafanyakazi wakapunguzwa, ng'ombe wakauzwa, na mbwa wa kuchungia wakaachwa walambe vumbi. Boke, mke wa Stanislausi, alikuwa amekwenda kumjulia hali dada yake, akarudi na mmoja, mbavu nje, mwili mweusi na shingo nyeupe kama ukosi wa shati. Kwa ajili ya ukosi ule akamwita Karani.

Stanislausi hakumkataa. Ng'ombe wake walikuwa wasumbufu, na magoti yalishaanza kumlalamikia. Asubuhi akampigia Karani mluzi, kama baba yake alivyowapigia mbwa wote wa boma lile. Karani akalala chini, mkia tumboni, kisha akatambaa mpaka nyuma ya gauni la Boke.

"Usimpigie mluzi, Baba Mseti," Boke akasema. "Kule ranchi wakipiga mluzi walikuwaga wanafuatisha fimbo. Muimbie tu."

Muimbie! Kwao mwanamke hapigi mluzi, ni mwiko, kwa hiyo Boke aliwaita ng'ombe kila jioni kwa wimbo wa kukamulia. Karani akiusikia huko malishoni aliwakusanya wote, ndama mpaka fahali, akawaleta mlangoni mwa zizi. Lakini ule ni wimbo wa wanawake. Mwanamume na masharubu yake amwimbie mbwa? Stanislausi akaendelea na mluzi, na mbwa akaendelea kumkimbia.

Wivu ulianza na maziwa. Karani alimiminiwa yake kwenye kibuyu kilichopasuka kabla mwenye boma hajapata chai. Kisha maongezi: Boke, ambaye kwa mumewe alikuwa mtu wa ndiyo na hapana, alikaa na mbwa yule akimsimulia bei ya sukari na mambo ya dada yake. Kisha ule wimbo. Stanislausi aliusikia akija nyuma ya ng'ombe, sauti tamu ambayo hakukumbuka kusemeshwa nayo hata siku moja, na roho ikamchonyota. Mimi nimetoa mahari, alijiambia, huyu kaja bure, na wimbo anaimbiwa yeye.

Siku ya kupeleka ngozi Musoma, akamfunga Karani kamba akaondoka naye. Huko, kwenye soko la Nyasho, alikuwepo Silasi, mchuuzi wa mbuzi aliyekuwa akitafuta mbwa. Silasi akabaki na kamba, Stanislausi akarudi kifua mbele na koti la mtumba, zito, lenye vifungo vya shaba.

Boke alilitazama koti lile. Hakuuliza wala hakuacha kupika. Aliacha kuimba. Alikamua kimya, na ng'ombe waliozoea wimbo wakabana maziwa. Stanislausi alikuwa amepata alichokitaka, hakuna aliyeimbiwa tena, na boma likawa kama lenye msiba. Ndipo alipogundua kwamba hata akiwa amefura kwa hasira, sauti ile ndiyo iliyokuwa ikimleta nyumbani. Aliogopa kwamba haitarudi.

Akarudi Nyasho, koti begani. Silasi alikuwa tayari kulipokea koti lake, ila tatizo lilikuwa mbwa. Alikuwa amejichimbia chini ya mkokoteni, na yeyote aliyemsogelea na kamba alimwonyesha meno.

"Kama ni wako, mzee, muite aje," Silasi akasema.

Stanislausi, kwa mazoea, akapiga mluzi. Karani akazidi kurudi nyuma. Watu wakaacha biashara wakaja kutazama, mmoja akauliza kama mbwa ndiye anayemfuga mzee. Stanislausi akakohoa. Akatazama pembeni akitafuta upande usio na watu, haukuwepo. Akaanza kuimba.

Kwanza sauti tu, ya kukwaruza. Sikio moja la Karani likasimama. Kisha maneno yakaja kwa lugha ya nyumbani, yale aliyoyasikia jioni zote bila kuyasikiliza: *ingieni, ingieni, Baba Mseti amefika, ninyi nyote ni wake, mpeni maziwa, amechoka.*

Akakwama hapo. Alitakiwa alirudie jina lake mwenyewe, mbele ya wauza mbuzi. Akalirudia. Karani akatoka chini ya mkokoteni na kuja kulaza kichwa kwenye goti lake.

Walifika Butiama jioni. Ng'ombe walikuwa bado nje, zizi wazi, wimbo hakuna. Stanislausi akasimama mlangoni akauimba mwenyewe, wote, mpaka Boke akatoka jikoni na unga mikononi.

"Kumbe ulikuwaga unasikia," akasema.

"Nimesikia leo."

Boke akaupokea wimbo pale mumewe alipouachia. Karani akampita Stanislausi mbio, akaenda kumrukia Mama Mseti wake, naye akacheka kwa sauti. Wivu ukamfinya tena Stanislausi, kidogo, palepale pa zamani. Akawafuata.