Kidude cha Kunusa Moshi

Katika handaki lile hakuna aliyenizidi akili. Sawa, mimi ndiye niliyeivalisha dari soksi, lakini hayo yanakuja.

Tulikuwa wafanyabiashara kumi na wanane chini ya stesheni, vibanda vimebanana ukutani, abiria wanapita katikati. Mimi fundi cherehani, Bibi Sindano. Kushoto kwangu Msusi, mimba ya miezi saba. Kulia Muuza Mabegi, mdomo wake mkubwa kuliko mabegi yake.

Nilikuwa napiga pasi kwa mkaa. Kila nikiupuliza, kile kidude cha kunusa moshi kilichobandikwa darini kinapiga kelele, abiria mbio, wateja mbio. Siku moja nikapanda juu ya meza, nikakivalisha soksi ya marehemu mume wangu, ya mistari ya kijani. Kikanyamaza miaka mitatu. Marehemu mwenyewe hakuwahi kuninyamazia hata siku tatu.

Ndipo akaja Mkaguzi wa zimamoto, binti mwembamba mwenye buti kubwa.

"Nitatoa moshi wa majaribio, hauna sumu," alisema. "Kengele ilie yenyewe, na wote muwe juu ndani ya dakika nne. Acheni kila kitu. Mkishindwa mara mbili, handaki linafungwa."

Moshi ukatoka upande wangu, mzito kama pamba. Kengele kimya.

"Bado?" tukaulizana, masikio kwenye kengele.

"Bado."

Tukangojeana hivyo hivyo mpaka mtu haoni mkono wake mwenyewe, halafu kila mmoja akashika njia yake. Msusi akapotea, akaenda upande usio na ngazi. Nilimsikia akipapasa milango ya vibanda. "Bibi! Bibi, ngazi ziko wapi?" Moshi ulikuwa wa bandia, ila sauti ile haikuwa ya bandia.

Mkaguzi alimtoa, akatupa wiki moja.

"Panya wamekula nyaya!" Muuza Mabegi akatangaza.

"Tena wanene," nikadakia.

Fundi umeme akaja, akapima nyaya, akajaribu kengele kwa swichi ya ukutani, ikalia, akajikuna kichwa, akaondoka. Kila nikiinua kijiko namsikia Msusi akiniita.

Siku ya marudio niliwahi kabla ya wote. Pasi nikaihamishia juu, nje, penye hewa. Kisha nikapanda meza, magoti yanalia kuliko kengele yoyote, nikaivua soksi. Sasa niifiche wapi? Nikaivaa, nikatumbukiza mguu kwenye kiatu. Nani atamvua bibi kizee kiatu?

Jibu lake ni mimi mwenyewe. Nikishona huwa navua viatu. Pedali na kiatu haviivi chungu kimoja. Nilikuwa katikati ya pindo la suruali moshi ulipotoka, na mara hii kengele ikalia mpaka meno yakacheza. Nikaruka. Mkono mmoja nimemkamata Msusi, mwingine uko ukutani. Muuza Mabegi akageuka kufuata begi lake, nikampiga kumbo.

"Panda ngazi wewe, nisije nikakushona mdomo!"

Dakika tatu na sekunde arobaini. Watu walishangilia kama harusini. Msusi akaketi ngazini, anacheka, ameshika tumbo. "Bibi, huyu ndani naye anaruka!" Mkaguzi akaandika WAMEFAULU, akagonga muhuri. Handaki letu, mashine yangu, kibanda changu, vyote vimepona. Nilitaka kumbusu yule binti na buti zake.

Akachuchumaa mbele yangu na simu yake.

"Bibi, siku ile nilipiga picha za dari. Jana naandika ripoti, nikaikuza moja. Hiki ni nini?"

Nikaangalia. Mistari ya kijani.

"Sijawahi kukiona, mwanangu. Tena hiyo ni soksi ya kiume. Muulize huyu wa mabegi."

Muuza Mabegi akafumbua mdomo, halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaufumba. Alikuwa anatazama chini. Msusi naye anatazama chini. Nami nikatazama.

Viatu vyangu vilibaki chini ya cherehani, kama tulivyoagizwa. Mguu mmoja ulikuwa mtupu. Wa pili ulikuwa na mistari ya kijani, masizi tele, na kwenye vidole soksi imetuna kama bakuli.

Mkaguzi akasimama taratibu, akafungua tena daftari lake.

"Na ya pili, Bibi," akauliza, "umekivalisha kidude gani?"