Mgonjwa wa Mgahawani

Nyumbani walimwita Kidomodomo, maana tangu utotoni hakuweza kunyamaza mtu akionewa. Sasa alikuwa amemaliza masomo ya sheria na anafanya mazoezi ya uwakili kwa wakili mmoja mashuhuri, akisubiri kuapishwa. Kazi yake ilikuwa kumbebea bosi majalada na kufunga mdomo.

Asubuhi hiyo walikuwa mahakamani na mteja wao, mama mjane. Shemeji yake alikuwa amemfungia nje ya nyumba aliyoachiwa na marehemu, na kesi ilipigwa danadana huku wanawe wakilala sakafuni kwa dada yake.

Msaidizi wa wakili wa shemeji akasimama. "Mheshimiwa, wakili wetu anaumwa. Tunaomba kesi iahirishwe."

"Hatuna pingamizi," bosi akajibu.

Damu ilimchemka Kidomodomo. Huyo mgonjwa alikuwa amemwona muda si mrefu kwenye mgahawa wa mahakama, akila mayai na kucheka na bosi huyohuyo!

Akasimama. "Mheshimiwa, si kweli!"

"Wewe ni wakili?" hakimu akauliza.

"Bado, mheshimiwa."

"Basi kaa."

Akakaa. Kisha akamnong'oneza mjane: "Mama, mimi siruhusiwi kusema. Wewe omba kusema. Mgonjwa wao yuko mgahawani."

Mjane akainuka, mtandio ukimteleza. "Mheshimiwa, mgonjwa yuko hapo nje anakunywa chai. Kama miguu haimbebi, tumpelekee machela?"

Watu wakaangua kicheko. Hakimu hakucheka. Alimtuma askari, na mgonjwa akaletwa, makombo kidevuni. Kesi ikasikilizwa, na kabla ya adhuhuri mjane alikuwa na amri ya kurudi kwake mpaka hukumu itolewe.

Kwenye ngazi, bosi alimpokonya majalada. "Umemwaibisha wakili mwenzangu. Kesho usije. Na usitegemee nikudhamini uapishwe."

"Na aliyefungiwa nyumba yake, aibu yake nani aliiona?"

Bosi alishampa mgongo.

Nyumbani, shangazi alishika kichwa. "Mazoezi yote yamekwenda na maji! Si nilikwambia sheria ni msumeno?"

"Msumeno hukata mbele na nyuma, shangazi. Hawa wanamkatia mnyonge tu!"

Akatafuta kwingine. Ofisi mbili za mawakili zilimfungia mlango, habari zilishamtangulia. Ya tatu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la fotokopi, na mwenyewe alikuwa wakili wa makamo, mwanamke asiye na tabasamu.

"Ndiye wewe uliyemtoa mgonjwa mgahawani?"

"Ndiye mimi. Na ningerudia."

"Utaanza mazoezi upya, tangu mwanzo."

Ilimuuma. Lakini akavuta kiti, akauliza jalada lipi aanze nalo.