Pombe Nyeusi ya Ghati

Miaka ile king'ora cha mgodi wa Geita kilipokuwa ndicho jogoo wa watu wote, hakuna mwanamke aliyepata kigoda cha kuuzia katika kilabu cha pombe kwa kuomba. Kigoda kilipatikana kwa chungu. Ukileta chungu chako mara ya kwanza kikarudi nyumbani na pombe ndani, basi, umekosa, kaa kwako upike uji. Kikiisha, mzee wa kilabu anakipindua mdomo chini pale ulipokaa, na tangu siku hiyo pale ni pako.

Nyamizi alikuwa na kigoda chake tangu mwanawe Makoye hajaota meno. Sasa Makoye alikuwa mtu wa kushuka shimoni na taa kichwani, na magoti ya mama yake yalikuwa yamekataa kuinama mbele ya jiwe la kusagia. Mwenye kurithi kigoda alikuwa mke wa Makoye, Ghati, Mkurya aliyeletwa kutoka upande wa Musoma baada ya mavuno. Asipokiweza kingekwenda kwa watu baki, na nyumba ile ilikula kwa kigoda kile kuliko ilivyokula kwa mgodi.

Ghati hakupika kama walivyopika wengine. Unga wa mtama aliukanda, akauacha uchachuke, kisha akaukaanga juu ya bati pana, akiugeuzageuza hadi ukawa na rangi ya kichuguu kilichonyeshewa mvua. Ndipo akatia maji na kimea cha ulezi. Nyamizi alikaa mlangoni akichambua mlenda, moshi unamwingia machoni.

"Mama, kwetu tunafanya hivi," Ghati alisema, kama mtu anayeomba msamaha.

"Nimeona, ng'wanawane, mwanangu. Fanya."

Jumamosi wakaenda kilabuni, chungu kichwani kwa Ghati, Nyamizi nyuma na fimbo yake. Kilabu chenyewe kilikuwa paa la nyasi na ukuta wa mabua, mabenchi ya magogo huku na huku. Ghati alipofunua chungu na kuchota, watu wakanyoosha shingo. Pombe ilikuwa nyeusi, nyeusi kabisa, na povu lake la kahawia.

"Yesu na Maria!" akasema Philomena, aliyekuwa na kigoda cha jirani na ulimi usiolala. "Hiyo ni pombe, au mmeoshea taa za mgodini?"

Watu wakacheka. Nyamizi naye akacheka kidogo, maana ukinuna kwa Philomena umempa kuni.

Bujiku, mzee wa kilabu, akainua mkono. "Nyeusi, nyeupe, mimi sijui. Mpishi aonje tumwone."

Ndiyo ilikuwa desturi. Mkono uliopika hutangulia kunywa mbele ya macho ya watu, ili kila mmoja ajue kwamba chunguni hamna kitu zaidi ya nafaka. Hakuna aliyekwepa hilo, hata Philomena mwenyewe.

Ghati akainua kata. Ikafika kifuani, ikasimama. Akaishusha.

"Onja, mama," Bujiku alisema kwa upole.

Ghati akatazama chini. Akavuta kanga yake ikamfunika shavu la upande mmoja.

Watu wakatazamana.

"Haya sasa," Philomena akasema. "Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni huyu atatumaliza! Kapika mwenyewe, anaiogopa mwenyewe."

"Leta hapa," Nyamizi akasema. Akaitwaa kata, akanywa. Kwanza akakutana na uchungu, kama ukoko wa ugali ulioungua chini ya chungu. Halafu uchungu ukafunguka, nyuma yake kukawa na utamu wa mbali, utamu wa mtama mbichi, kisha joto likapanda taratibu hadi masikioni. Nyamizi akajilamba povu. Mungu wangu, akawaza, tumekuwa tukinywa maji.

"Ni njema," akawaambia. "Ina nguvu, lakini njema."

"Mayu, mama yetu, tunakuheshimu," akajibu mchimbaji mmoja kutoka benchi la mbele, "ila hukupika wewe."

"Na mama mkwe anaweza kufa kwa ajili ya mwanawe," Philomena akaongeza. "Sisi hapo hatuna mwana."

Wanaume wawili wakasimama, wakahamia kwa Philomena.

Kwenye benchi hilo la mbele alikaa pia Ngassa, mume wa Nyamizi, katika koti lake kubwa alilorudi nalo kutoka vita vya Burma. Jumamosi zote Ngassa huwa machungani. Leo alikuwa amemwachia jirani ng'ombe, akaja kukaa mbele kabisa, kifua nje, ili watu wajue binti huyu ana mwenyewe. Akaona mambo yanaharibika, akainama karibu zaidi. "Onja, mwanangu, usiogope! Mimi nipo!"

Ghati akavuta kanga zaidi.

Nyamizi akaitazama ile kanga. Ilifunika shavu la upande mmoja tu, upande wa Ngassa. Akakumbuka nyumbani: tangu binti huyu aolewe, Ngassa akiingia uani wakati Ghati anatafuna, binti huweka tonge chini na kugeuka. Ngassa husema, "Mke wa Makoye anafanya kazi hadi anasahau kula." Kumbe hakusahau. Kwao mwanamke hafungui kinywa kwa chakula wala kinywaji mbele ya baba mkwe. Na kulisema hilo hadharani, kumtaja mzee kwamba ndiye anayemzuia, kungekuwa aibu kubwa kuliko ya chungu.

Nyamizi akajongea kwa fimbo yake hadi benchi la mbele, akamshika mumewe ukosi wa koti.

"Baba Makoye, toka nje."

"Nitoke? Nimekuja kumsaidia!"

"Msaidie ukiwa nje."

"Sijaonja hata tone!"

"Ndiyo maana nasema haraka."

Watu wakaangua kicheko. Ngassa akanyanyuka akinung'unika kwamba mtu aliyekataliwa na risasi za Burma sasa anafukuzwa na mkewe, akazunguka nyuma ya ukuta wa mabua, akasikika akikaa juu ya jiwe kwa kishindo.

Ghati akafunua uso. Akachota kata ikajaa, akanywa, akanywa, hakuvuta pumzi mpaka akaipindua juu chini na tone moja likaanguka. Akamtazama Philomena, akapangusa mdomo.

"Dada, taa za mgodini zimetakata," akasema.

Ah, kilabu kikalipuka! Bujiku akaonja wa kwanza. Akafumba macho, akayafumbua, akaketi. "Nichotee nyingine," akasema, "hiyo ya kwanza sikuwa tayari." Wale wawili waliohama wakarudi kimyakimya. King'ora kikalia, wachimbaji wakaja na vumbi lao, na hata Philomena akapitisha kibuyu chake, eti ajue tu wamekosea wapi.

"Mnanimalizia!" sauti ya Ngassa ikatoka ng'ambo ya ukuta. "Nawasikia!"

Ghati akajaza kibuyu, akapenyeza mkono kwenye mwanya wa mabua huku amegeuza uso. Mkono wa ng'ambo ukapokea. Kisha mguno mrefu wa mtu aliyeridhika.

"Huyu binti," Ngassa akasema, "asirudishwe kwao."

Jua halijagusa vilima, Bujiku alikiinamisha chungu, hakikutoa kitu ila machicha. Akakipindua mdomo chini kando ya kigoda. Ghati akaketi.

Nyamizi yeye akaenda kukaa benchi la mbele, pale palipoachwa wazi na mumewe, mahali ambapo miaka yote ile hakuwahi kukaa. Akanyoosha magoti. Pombe ilikuwa bado ina joto masikioni mwake.

"Jumamosi ijayo," akamwambia mkwewe, "mimi ni mteja. Unichotee kabla ya Bujiku."