Mtandao Uliomfuata Mkurugenzi

Fundi wa mtandao alipanda hadi ghorofa ya nne kwa ngazi, kishikwambi mkononi, kwa sababu lifti ilikuwa imezuiwa chini ikimsubiri mkurugenzi wa hospitali. Siku hiyo alikuwa anarudia kupima mawimbi. Kazi yenyewe haina ujanja: unatembea polepole, unasimama, unagusa ramani ya jengo kwenye kioo pale uliposimama, kisha unasogea. Penye mtandao mzuri ramani hugeuka kijani, penye mtandao wa kubahatisha njano, pasipo na kitu nyekundu. Ghorofa ya nne ilitoka nyekundu, kuanzia mlango wa ngazi hadi dirisha la mwisho.

Jambo hilo lilimkera, maana jana yake tu alipima ghorofa hiyohiyo, mkurugenzi akimsindikiza kwa heshima chumba kwa chumba, na ikatoka kijani tupu. Ruta alizifunga darini kwa mikono yake mwenyewe, na taa zake zilikuwa zinawaka. Alichomoa nyaya, akazirudisha, akapima tena. Nyekundu. Akasonya, akaingia wodi ya wanawake.

Mama mkwe wake alikuwa amelazwa kitanda cha dirishani. Alikuwa amepasuliwa nyonga, na kifua chake kilikuwa na tabia ya kubana ghafla, akahitaji hewa ya mtungi hapohapo. Kila kitanda kilikuwa na kitufe: mgonjwa akikibonyeza, simu ya nesi inaita kupitia mtandao, popote nesi alipo. Kengele za zamani za waya zilikuwa zimeng'olewa zote kupisha vitufe hivyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jana kifua kilinibana, nikakibonyeza hiki kidude mpaka kidole kikafa ganzi. Hakuja mtu. Si ndio mtandao wako huu?"

"Ndio, mama."

"Nauliza tu. Sijasema kitu."

Fundi alikuwa ameinama kukikagua kitufe, mkurugenzi alipoingia na msafara wake kukagua wodi. Kwenye kishikwambi doa la kijani lilitokea mlangoni, likapita katikati ya vitanda pamoja naye, likasimama aliposimama kumsalimia mgonjwa. Nyuma yake wekundu ulirudi. Kila alipopita, vitufe vilivyobonyezwa tangu alfajiri vilifikisha miito yake, na simu ikaanza kuita mfululizo mfukoni mwa nesi mkuu. Mkurugenzi alipotoka, simu ikanyamaza katikati ya mlio.

"Kwani hukujua?" nesi mkuu alimwuliza fundi. "Mtandao unamfuata yeye. Tangu ulipowashwa."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulidhani ndivyo ulivyoufunga. Maji ya bomba yanamfuata, jenereta inamfuata, sabuni ya kunawia inamfuata. Tukaona na mtandao nao umeshawazoea wenzake."

Fundi alishuka ghorofa zote nne hadi ofisini kwa mkurugenzi. Mkurugenzi alimpokea vizuri na kumpa kiti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha fundi zaidi.

"Mkurugenzi, mtandao unakufuata."

"Najua. Hata nyumbani wanangu hunifuata mpaka mlango wa choo wakiwa na kazi za shule."

"Wagonjwa wa juu hawawezi kumwita nesi."

"Lakini jana ramani ilikuwa kijani."

"Kwa sababu nilikuwa na wewe."

"Basi twende, nikusindikize upime upya."

Fundi alivuta pumzi. Alieleza tena, taratibu. Mkurugenzi alitikisa kichwa kukubali, kisha akachukua koti lake tayari kwa kumsindikiza. Fundi akaona bora aseme moja kwa moja: ofisi ya mkurugenzi ihamishiwe ghorofa ya nne.

"Huko maji hayapandi," alisema mkurugenzi.

"Yatakufuata."

"Na lifti?"

"Itakufuata pia."

Mkurugenzi alilifikiria kwa dhati. Akasema ni wazo zuri na atalifikisha kwenye bodi.

Fundi akampigia bosi wake. Bosi aliuliza kama kuna kijani. Fundi akajibu kijani kipo, ila mpaka mkurugenzi awepo.

"Si yupo?"

"Yupo."

"Basi kabidhi kazi."

Akakabidhi. Usiku ule hakula vizuri, akamgombeza mumewe kwa kosa la kuuliza mama anaendeleaje.

Bodi ilikutana na kuamua kwamba kuhamisha ofisi ni usumbufu, ila vitanda vina magurudumu. Kuanzia wiki iliyofuata wagonjwa waliozidiwa waliteremshwa kila asubuhi na kupangwa kwenye korido nje ya ofisi ya mkurugenzi, dripu zikining'inia kwenye misumari ya picha za wakurugenzi waliotangulia. Alipokwenda kukagua stoo, ndugu za wagonjwa walivisukuma vitanda nyuma yake. Alipoingia kikaoni, walisubiri mlangoni. Yeye mwenyewe aliagiza magurudumu yatiwe mafuta, kwa sababu yalipiga kelele na wagonjwa wanahitaji utulivu.

Fundi alipofika kumwona mama mkwe wake, alimkuta kwenye foleni hiyo, mchangamfu kabisa.

"Leo nimebonyeza, nesi akaja kabla sijatoa kidole," alisema. "Mtandao wako umepona."

"Haujapona, mama."

"Wewe nawe hupendi kusifiwa."

Mlango wa ofisi ukafunguliwa. Mkurugenzi alikuwa na mkutano nje ya hospitali. Vitanda vikageuka, vikamfuata koridoni, vikapita mapokezi, fundi akisukuma cha mama mkwe wake, mpaka mlango mkuu, ambako kuna ngazi za kushukia uwanjani. Hapo vikakwama. Mkurugenzi aliwapungia mkono, akawashukuru kwa uvumilivu, akapanda gari. Kwenye kishikwambi doa la kijani lilivuka uwanja, likatoka getini, likapotea pembeni mwa ramani.

Mama mkwe alishika kifua. Akabonyeza kitufe, akakibonyeza tena, akamtazama mkwe wake. Midomo yake ilikuwa imeanza kupoteza rangi. Nesi alikuwa amerudi ghorofa ya nne, mitungi ya hewa ilikuwa hukohuko, na lifti ilikuwa imesimama, imezimwa, mpaka mkurugenzi arudi.

Fundi alimwachia mgonjwa wa kitanda cha pili amshike mama mkono. Akakimbia kurudi ndani hadi chini ya ngazi za kupandia ghorofani, akakusanya viganja mdomoni, akamwita nesi kwa nguvu zake zote.

Mlinzi wa mapokezi alimfuata, akamwomba apunguze sauti, hapa ni hospitali.

Akaita tena.