Duara Chini ya Sanduku

"Mzee, inua kidogo sanduku lako," alisema fundi rangi, akitikisa kopo.

Mzee Soli alilinyanyua sanduku lake la misumari na gundi. Tangu asubuhi alikuwa akilisikia kopo lile likija taratibu upande wake. Kwanza ilichorwa mistari ya viti vya mkahawa, kisha njia ya wapita njia, kisha maduara. Hakuwa na wasiwasi sana. Ramani ya barabara hii mpya ilichorwa na bintiye wa kumzaa, na hakuna mteja aliyeleta kiatu asisimuliwe hayo, atake asitake.

Duara likachorwa pale pale sanduku lilipokuwa.

"Hili la nini?"

"Shimo la mti."

Mzee Soli alicheka kidogo, akalirudisha sanduku juu ya rangi mbichi.

Mchana binti akaja. Aliketi kwenye kigoda cha wateja, akavua kiatu ambacho hakikuwa na kasoro yoyote, akampa. Baba alikigeuzageuza, akaanza kushona pasipofumuka. Aliogopa kuuliza.

"Baba, ule mti niliuchora mimi. Tangu mdogo nakuona unaungua na jua hapa. Nikasema angalau upate kivuli. Basi nikauweka pale unapokaa wewe, bila kufikiri kwamba mti nao unataka mahali."

"Usogeze, mama."

"Niliwaomba wakubwa kazini. Wakasema chini kuna mabomba kila upande. Nikaomba wakupe nafasi pembeni. Wakasema viti ni vya wateja wa mkahawa, na mafundi hawataruhusiwa tena mtaa huu. Nami nikaitia sahihi ramani, baba."

Mzee Soli alikata uzi kwa meno. Wateja wake walimjua kwa mahali, hata jina lake halisi hawakulijua; akiondoka hapa, nani atamtafuta, na amtafute wapi?

"Ni mti gani?" aliuliza.

"Wa majani mapana."

"Afadhali. Vaa kiatu chako, wanakungoja kazini."

Binti alivaa, akaenda bila kugeuka.

Jioni Mzee Soli alijitwika sanduku lake. Kitako cha sanduku kilikuwa kimebandua rangi, na duara likabaki na pengo. Alilitazama pengo lile, akaona raha ambayo hakuitarajia.

Alipofika kwenye kona alisikia kopo likitikiswa nyuma yake. Fundi rangi alikuwa ameinama, analiziba pengo.